Kuivunja 1,234,567,890 kwa kalamu na karatasi

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Kisauni wakiona nambari ya tarakimu kumi, mkono huenda kwenye simu kabla ya kalamu. Weka simu kando. Nambari hii unaweza kuivunja hadi vigawo vyake tasa (nambari zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) ukingoja feri Likoni.

Hatua ya 1: Toa vigawo vya wazi. Inaishia 0, basi 2 na 5 zimo. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 45, kwa hiyo 9 pia imo. Gawanya kwa 90, utapata 13,717,421. Tarakimu za hii ni 26 kwa jumla, hivyo 3 haimo tena.

Hatua ya 2: Jaribu 7, 11 na 13 kwa mpigo. Zikizidishwa ni 1,001, na hapo ndipo ujanja ulipo. Kata nambari mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 421 − 717 + 13 = −283. Nambari 283 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, basi zote zimetoka.

Hatua ya 3: Hapa wengi hukwama. Ukipanda 17, 19, 23 na kuendelea, utapitia karibu nambari tasa 500 kabla ya kufika. Anzia katikati badala yake, kama Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17. Nambari witiri isiyo tasa huandikika kama a² − b², yaani (a − b)(a + b).

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na ushei. Panda hadi 3,704, hiyo iwe a; ukitoa nambari yetu kwenye mraba wake, kinachobaki lazima kiwe mraba pia, yaani b². Mraba wake ni 13,719,616. Toa nambari yetu: 2,195. Si mraba, wala usihangaike kukokotoa, maana mraba unaoishia 5 lazima uishie 25. Nenda 3,705: 13,727,025 − 13,717,421 = 9,604. Hiyo ni 98 × 98! Basi vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803.

Tumefaulu upesi kwa sababu viwili hivi vimekaribiana. Ndiyo maana wanaotengeneza funguo za siri za mtandaoni huepuka nambari tasa mbili zilizo jirani mno.

Hatua ya 4: Hakikisha zote mbili ni tasa. Gawanya 3,607 kwa nambari tasa kuanzia 17 hadi 59, na 3,803 hadi 61. Kazi ya kuchosha, lakini usiiruke. Jibu:

2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Hatua ya 5: Hesabu vigawo vyote, tasa na visivyo tasa. Ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Kupata jumla yavyo, kwa kila nambari tasa jumlisha 1 na vipeo vyake, yaani 1 + 2, 1 + 3 + 9, 1 + 5 na kuendelea, kisha zidisha: 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 3,211,610,688. Hata ukiiondoa nambari yenyewe, jumla ya vilivyobaki inaishinda: 1,977,042,798.

Sasa igeuze: 987,654,321. Usikimbilie Fermat, toa 9 kwanza, halafu jaribu 17, tena mara mbili.