Kuimarisha handaki kwa bamba la chuma pale grauti isipojaa

Mafundi wenzangu wa Mombasa, bamba la chuma halizibi pengo lililobaki kati ya zege na ardhi pale grauti, yaani uji wa saruji unaosukumwa nyuma ya zege, isipojaa. Zege ya handaki hubeba mzigo kwa kuegemea ardhi pande zote. Ikiachwa wazi kwa nyuma, itapinda na kupasuka hata ukiivika chuma. Pengo aghalabu hubaki juu darini, kwa kuwa grauti hushuka na kunywea inaposhika. Na mwamba wetu wa matumbawe una vitundu tele: unapiga mfuko baada ya mfuko, grauti inatorokea kando.

Hatua ya 1: Gonga dari kwa nyundo, nusu mita kwa nusu mita, chaki mkononi. Palipojaa hulia kwa ukali. Penye uwazi husikika mvumo kama wa ngoma. Zege nene huficha sauti, kwa hivyo toboa kwa drili, ingiza waya uliokunjwa ncha, upime kina.

Hatua ya 2: Jaza tena. Ingiza grauti kwenye tundu la chini, la juu likiwa wazi ili hewa itoke. Shinikizo liwe dogo, zege yenye nyufa isije ikasukumwa ndani. Usifunge tundu la juu mpaka grauti itoke nzito, bila mapovu. Ikishashika, gonga upya. Hapa asikuharakishe mtu.

Hatua ya 3: Rushia zege mchanga kwa mashine ya hewa mpaka kokoto zionekane, na chuma mpaka king'ae. Niliwahi kusafisha mabamba jioni kule Changamwe. Alfajiri nikapitisha kidole, kikatoka na rangi ya kutu. Ni hewa ya chumvi. Tangu hapo, bamba nililosafisha asubuhi nalifunga siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Tafuta nondo kabla ya kutoboa, usizikate. Funga bamba kwa bolti za anka, zile zinazozama ndani ya zege, ukiacha nafasi ya milimita chache kati ya bamba na zege. Ziba kingo, acha mirija ya kupitishia, kisha piga epoksi, gundi ya kuchanganya, kwa pampu kutoka chini kwenda juu. Joto letu huikausha upesi, changanya kidogo kidogo. Unene wa bamba aukokotoe mhandisi. Anka usizipunguze kwa kutegemea gundi: moto ukizuka, epoksi hulainika mapema, na kinachobaki kushikilia chuma kile juu ya vichwa vya watu ni bolti.

Hatua ya 5: Gonga bamba lenyewe, penye mvumo, toboa upige epoksi tena. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, ukianza na kingo na vichwa vya bolti, maana ndiko kutu huanzia kula.