SOMO: Kutofautisha vinamasi vya piti ukiwa matembezini (someni kabla ya kutupia picha)

Wakuu, kila mara mtu anatupia picha ya majani na maji meusi halafu anauliza "hiki ni kinamasi gani?" Picha haina jibu, na mimi nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hiyo naandika hapa mara moja tu. Ukimaliza kusoma, uliza.

Kwa wageni: piti ni mabaki ya mimea yaliyolundikana mahali ambapo maji yamefukuza hewa, ndiyo maana hayaozi yakaisha. Inaongezeka polepole mno, kwa wastani kama milimita moja kwa mwaka, yaani mita moja chini ya buti lako ni kama miaka 1,000. Sasa aina zake zinatengana kwa swali moja tu, maji yanatoka wapi? Kinachoishi kwa mvua peke yake nakiita kinamasi cha mvua. Kinachopata maji yaliyopita kwenye udongo na mawe, iwe ni chemchemi, mto au mteremko, nakiita kinamasi cha ardhini. Vyote viwili vinaweza kuwa na miti au visiwe nayo, kwa hiyo msianze na habari za miti.

Hatua ya 1. Buti ndefu, fimbo ndefu, na mwenzako.

Hatua ya 2. Hakikisha kwanza piti ipo. Chomeka fimbo kisha chota kiganja kimoja. Piti ni ya kahawia au nyeusi, ina nyuzinyuzi na vipande vya mizizi au mbao. Nchi nyingi zinaanza kuihesabu ardhi kuwa ya piti kuanzia unene wa sentimita 30 au 40. Ukikuta mfinyanzi wa kijivu hapohapo juu, hicho ni kinamasi cha kawaida na somo hili halikihusu.

Hatua ya 3. Angalia umbo la ardhi. Cha mvua mara nyingi kimeinuka katikati, mwinuko mdogo ambao utauona ukisimama mbali na kuinama kidogo. Cha ardhini kiko bondeni, kando ya ziwa, au chini ya mteremko penye chemchemi. Ila Ireland na Scotland mvua ni nyingi kiasi kwamba piti imefunika mpaka miteremko, huko usisubiri kuona mwinuko.

Hatua ya 4. Mimea. Kwenye baridi, cha mvua kinatawaliwa na sfagnamu, vimea vidogo laini ambavyo ukivikamua vinamwaga maji mengi kuliko ulivyotegemea, pamoja na drosera inayonasa wadudu kwa sababu chakula ardhini hakuna. Cha ardhini kina ndago, matete na maua ya aina nyingi zaidi. Sehemu za joto mafunjo ni dalili nzuri ya maji yenye madini.

Hatua ya 5. Maji, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwanza achana na rangi. Maji ya rangi ya chai yanatokana na mimea iliyooza nusu na utayakuta kwenye aina zote mbili, hayathibitishi kitu. Beba karatasi za kupimia pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi). Cha mvua kwa kawaida kiko chini ya 4.5, cha ardhini kinaanzia kama 5 na kinaweza kufika 8 penye chokaa, na katikati hapo kuna vile vya mpito ambavyo hata wataalamu wanabishania. Tatizo ni mahali mnapochota. Watu wanafika ukingoni, wanachovya karatasi, wanapata 6, wanaondoka wamefurahi wakati kinamasi chenyewe ni cha mvua! Pembezoni mwa kinamasi cha mvua mara nyingi kuna ukanda ambao maji ya ardhi ya jirani yanakutana na yale yanayotoka kwenye piti, na ukanda huo una tabia za cha ardhini, mimea yake tofauti, pH yake tofauti. Na mambo hayaishii hapo, vinamasi vingi vya mvua vilianza vikiwa vya ardhini halafu piti ikapanda mpaka mizizi ikaachana na maji ya chini, kwa hiyo ndani ya nusu saa ya kutembea unaweza kuvuka vyote viwili. Pima ukingoni, pima kati, andika vyote.

ONYO: usichote kwenye alama ya buti iliyojaa mvua ya jana. Usichote kando ya njia iliyomwagwa kokoto za chokaa, itakudanganya. Na usifuate "katikati" kwenye mafunjo au matete yanayotikisika ukikanyaga, hayo ni mazulia yanayoelea na chini yake kuna maji matupu. Ardhi ikitikisika, rudi.

Hatua ya 6. Kamua piti mkononi. Lennart von Post wa Sweden alitengeneza kipimo cha ngazi 10 miaka ya 1920. Maji yakitoka meupe na mimea bado unaitambua, uko ngazi ya 1. Uji wote ukipenya kati ya vidole, ni ya 10. Inakuonyesha imeoza kiasi gani, aina haikuambii.

Hatua ya 7. Rudisha donge ulilochimba, na usiwashe moto kabisa. Piti kavu inaungua chini kwa chini wiki nzima bila wewe kuona mwali.

MASWALI

mzururaji: Mkuu nimeona maji meusi na majani marefu, ni kipi hicho?
– Hatua ya 5, sentensi ya pili.

mzururaji: Sawa ila kwa kukadiria tu?
– Sikadirii.

Bi Mkangaga: Mimi najua bila sfagnamu hakuna kinamasi cha mvua, mbona umechanganya?
– Sijachanganya dada, nimeandika "kwenye baridi". Borneo na Sumatra, visiwa vya joto vya Asia, kuna misitu juu ya piti iliyoinuka katikati, inaishi kwa mvua, maji yake yana tindikali, na piti yake ni ya mbao na mizizi. Sfagnamu ni dalili, mvua ndiyo kigezo.

nyota_ya_ziwa: Samahani, pembezoni mwa kinamasi nimekuta utando wenye rangi za upinde wa mvua, na matope ya rangi ya kutu. Ni mafuta yamemwagika?
– Swali zuri sana. Gusa ule utando kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande na vipande visirudiane, ni bakteria wa chuma. Ukijizungusha na kujifunga tena, hapo shuku mafuta. Na ile kutu ni chuma kilichokuja na maji ya chini ya ardhi kikakutana na hewa, kwa hiyo umepata ushahidi wa maji ya ardhini bila karatasi yoyote. Nilitakiwa kuiweka kwenye somo.

Kiboko Mpole: Na ile piti kubwa ya Kongo iko kundi gani?
– Cuvette Centrale haikubali kundi moja. Ramani iliyotoka 2017 ilionyesha kama kilomita za mraba 145,500 na kaboni karibu tani bilioni 30. Sehemu kubwa za kati ya mito zinategemea mvua zaidi, lakini zipo zinazofurikiwa na mito. Ukiambiwa ni aina moja, uliza walipima wapi.

nyota_ya_ziwa: Ni kweli maiti haziozi humo?
– Inategemea aina, ndiyo raha yake. Mtu wa Tollund alipatikana Denmark 1950, ana zaidi ya miaka 2,300 na uso unaonekana kabisa. Sfagnamu na tindikali huifanya ngozi isioze, kama ile iliyotiwa dawa kiwandani, na kulainisha mifupa. Kwenye cha ardhini chenye chokaa ni kinyume, ngozi inaoza, mifupa inabaki.

fundi_maji: Nyongeza wakuu, kile kimita cha kupima chumvi kwenye maji ya samaki wa mapambo kinafaa pia. Maji ya mvua yanasoma namba ndogo sana, ya ardhini inapanda.
– Kweli kabisa, ila kisafishe kati ya sehemu na sehemu.

mzururaji: Nimezama mpaka magotini jana, buti moja limebaki. Nifanyeje siku nyingine?
– Usivute mguu kwa nguvu. Egemea nyuma au lala kabisa, laza fimbo chini yako ili ibebe uzito, halafu zungusha mguu taratibu ili maji yaingie pembeni ya buti. Mwenzako akupe fimbo kutoka mahali pakavu, asikusogelee, maana mtazama wawili. Buti likigoma kutoka, liache.