Testosteroni kwa mwenye uti wa mgongo uliumia: usianzie kwenye sindano

Kama uko Goma na mdogo yako aligongwa kwenye piki, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikakufa, utaona kwa wiki chache tu mapaja yanaisha, na hapo ndio jirani anakuletea hadithi ya sindano ya testosteroni (homoni ya kiume), ati itarudisha nyama. Polepole.

Anza na labo. Inapimwa asubuhi mbele ya saa ine, bila kula, mara mbili siku tofauti. Usipime akiwa na homa ao infeksio ya mkojo, itatoka chini kwa uongo. Tramadoli nayo inaishushaka, na huku watu wanaimeza kama karanga, basi dokta aambiwe dawa zote. Kama mara zote mbili ni chini ya 300 (nanogramu kwa desilita) na dalili ziko, nguvu hakuna, hamu ya tendo imeisha, hapo muongee matibabu. Ikiwa sawa, achana nayo.

Sasa kitu wengi hawaambiwi: homoni peke yake kwenye mguu wenye haufanye kazi haisaidie sana. Kule Richmond, Marekani, walijaribu wiki 16, wengine plasta za testosteroni pamoja na zoezi la umeme (kamashini kanasukuma musuli), mguu unanyooka na uzito kwenye kifundo mara mbili kwa wiki, wengine plasta peke yake. Wa zoezi mapaja yalijaa, wa plasta peke yake karibu hakuna. Kwa hiyo mie pesa ikiwa ya kitu kimoja nitalipa kine (fundi wa mazoezi ya viungo).

Muulize kine, Shirika la Umoja pale Goma ao Heri Kwetu kama uko Bukavu, kama wako na kamashini ka umeme. Mguu wenye unakakamaa na kurukaruka unaweza kuitika; wenye ni teketeke kabisa, kamashini ka kawaida hakaufanyie kitu. Mifupa imeshakuwa dhaifu, anzeni na uzito kidogo. Na kama aliumia juu, kifuani ao shingoni, kichwa kikimuuma ghafula na jasho, zimeni kamashini, mkalisheni wima, mpime presha.

Sindano ikianza, hematokriti (kipimo cha unene wa damu) ipimwe mbele, kisha miezi 3 na 6 (huku tuko karibu mita 1,500, damu inaweza kuwa tayari nzito). Ikipita 54% dokta anasimamisha, juu damu inaweza kuganda. Mguu mmoja ukivimba ghafula, mbio hospitali. Mwenye kansa ya prostati, hapana. Na kama bado anataka watoto, aseme mbele ya sindano ya kwanza, juu testosteroni ya nje inazima mbegu.