Visima vikongwe vinapotoa maji kuliko mafuta: pa kuanzia na pa kuishia

Tanzania hatuna kisima kikongwe cha mafuta. Tulicho nacho ni gesi: Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuletwa Dar es Salaam 2004, na Mnazi Bay kule Mtwara. Hata hivyo vijana wetu wanatoka vyuoni hapa Dar wanakwenda kupiga kazi Sudan Kusini, Oman na kwingineko, na huko wanakuta visima ambavyo kila pipa moja la mafuta linapanda na mapipa kumi au ishirini ya maji. Wakishafika, ujumbe wa kwanza wanaonitumia ni ule ule: "Kaka, shikamoo. Hivi dawa gani nzuri ya kusafisha haya maji?"

Marahaba. Dawa tutaifikia, ila iko hatua ya tano. Ukianza nayo utalipia mapipa ya dawa kwa tatizo ambalo huenda linatengenezwa na valvu moja.

Hatua ya 1: Hesabu kwa uwiano, achana na asilimia

Ripoti nyingi za kila siku zinaandika asilimia ya maji. Asilimia inadanganya macho. Chukua kisima kinachotoa mapipa 2,000 ya kimiminika kwa siku. Maji yakiwa 95%, una mapipa 1,900 ya maji na 100 ya mafuta. Yakifika 97%, maji ni 1,940 na mafuta ni 60. Kwenye ripoti namba imesogea kidogo tu, lakini mafuta yamepungua kwa 40%. Sasa gawanya maji kwa mafuta: mwanzo ulikuwa na 19, sasa una 32. Hapo hata bosi aliyesinzia anaamka.

Pipa ni lita 159, kwa hiyo hayo mapipa 1,900 ni kama lita 302,000. Kwa mkazi wa Dar, hayo ni maboza thelathini ya lita 10,000, kila siku, kutoka kisima kimoja, na yote yanatakiwa kuinuliwa, kupashwa moto, kutenganishwa na kupelekwa mahali.

Fungua Excel, weka safu ya tarehe, mafuta, maji, na uwiano. Kila kisima na karatasi yake. Ukichanganya visima vyote pamoja hutaona chochote.

Hatua ya 2: Jua maji yanaingilia wapi

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo tulia.

Chora grafu ya uwiano wa maji kwa mafuta dhidi ya siku za uzalishaji, mihimili yote miwili ikiwa ya logi. Juu yake chora kasi ya kubadilika kwa uwiano huo. Njia hii ilitolewa na mtaalamu wa mafuta aitwaye Chan mwaka 1995, na mpaka leo ndiyo ya kwanza kujaribiwa kwa sababu haihitaji kifaa chochote zaidi ya takwimu ulizonazo. Mstari wa kasi ukipanda pamoja na uwiano, shuku kwamba maji yamepata njia ya mkato: ufa, au tabaka la mwamba linalopitisha maji kirahisi. Uwiano ukipanda huku mstari wa kasi ukishuka, shuku maji ya chini yanayovutwa juu kuelekea kwenye matundu ya kisima kwa sababu unanyonya kwa nguvu mno.

Nimesema shuku. Grafu peke yake haitoshi, maana takwimu za majaribio ya visima huwa na makosa mengi, na kisima kilichofungwa na kufunguliwa mara kwa mara kinachora milima ambayo haipo. Itafutie shahidi wa pili, yaani kemia ya maji. Maji ya bahari yana chumvi kama miligramu 35,000 kwa lita na salfeti karibu 2,700. Maji ya asili ya mwambani mara nyingi yana chumvi tofauti kabisa, na salfeti kidogo. Kama kwenye eneo lako wanasukuma maji ya bahari ardhini ili kuinua mgandamizo, na ghafla salfeti inaanza kupanda kwenye kisima cha uzalishaji, basi maji ya bahari yameshafika. Chumvi ikishuka ghafla, hasa kwenye kisima cha miaka mingi, kagua kama bomba la ukuta limetoboka na maji ya tabaka la juu yanaingia.

Tiba zinatofautiana kabisa. Bomba lililotoboka au saruji iliyoachia nyuma yake hurekebishwa kwa kusukuma saruji mpya. Ufa unaweza kuzibwa kwa jeli. Maji yanayovutwa kutoka chini, punguza kasi ya kunyonya kwanza uone. Na kuna maji ambayo hayana tiba: yale yanayosukuma mafuta kuyaleta kisimani kama ilivyokusudiwa. Hayo utaishi nayo, na hatua zinazofuata ni kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Usipasue matone

Jaribu hili nyumbani. Chota maji ya bahari Kigamboni, au koroga gramu 35 za chumvi kwenye lita moja ya maji. Jaza chupa mbili za plastiki angavu, kila moja na kijiko cha mafuta ya alizeti. Ya kwanza ifunge, igeuze juu chini taratibu mara tano. Ya pili imimine kwenye blenda, zungusha dakika moja, rudisha chupani. Ziweke mezani, washa tochi ya simu nyuma yake. Ya kwanza mafuta yanapanda ukiyatazama. Ya pili inabaki nyeupe kama tui, na ukienda kulala ukaamka bado ina ukungu. (Usithubutu kutumia dizeli wala petroli. Mota ya blenda inatoa cheche.)

Kilichotofautiana ni ukubwa wa tone. Kwa kanuni ya Stokes, kasi ya tone kupanda inafuata mraba wa kipenyo chake. Chukua mafuta mepesi kuliko maji kwa kilo 150 kwa kila mita ya ujazo, ndani ya maji ya moto yenye mnato wa sentipoizi 0.7. Tone la maikroni 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linapanda mita moja kwa takriban robo saa. Tone la maikroni 10 linahitaji karibu siku nzima. Hakuna tangi litakalokusubiri siku nzima.

Blenda za kiwandani ni choki (valvu inayobana mtiririko wa kisima) iliyobanwa sana, pampu zinazozunguka kwa kasi, na valvu ya kudhibiti kimo iliyowekwa kabla ya kitenganishi badala ya baada yake. Tembea na mchoro wa mitambo mkononi, weka alama kila mahali mgandamizo unaposhuka ghafla. Chukua sampuli kabla na baada ya kila alama, utazame kwa tochi ile ile. Nimeona valvu moja ikihamishwa na nusu ya bajeti ya dawa ikawa haina kazi tena.

Hatua ya 4: Kifaa kifuate tone

Tangi la kawaida la kutenganisha kwa uzito linakamata matone ya maikroni 150 hivi na makubwa zaidi. Sahani za mawimbi zilizopangwa kwa mwinamo hushuka hadi kama 50. Haidrosaikloni, yaani kifaa kinachozungusha maji kwa kasi ili mafuta yajitenge, hufika 10 hadi 15, lakini inadai mgandamizo wa kutosha, kwa hiyo iweke kabla mgandamizo haujapotea. Viputo vya gesi vinavyoinua mafuta, vikisaidiwa na dawa, hushika madogo zaidi ya hapo. Vipange kwa mfuatano huo. Kuruka moja ni kuhamishia mzigo kwa kinachofuata.

Hatua ya 5: Sasa dawa

Pima penye kisima, kwa sampuli mbichi. Sampuli iliyosafiri kwenye gari siku mbili si ile tena: imepoa, gesi imetoka, hewa imeingia. Muuza dawa akikuletea matokeo ya maabara ya mbali, mkaribishe chai, kisha mpe chupa mje wote kisimani.

Panga chupa tano kwenye maji ya moto yenye halijoto ya kitenganishi chako. Moja bila dawa, nyingine kwa sehemu 5, 10, 20 na 40 kwa milioni. Zitikise zote idadi sawa. Andika kila moja ilivyo baada ya dakika 1, 5 na 10. Mara nyingi utakuta ya 40 ni chafu kuliko ya 20, kwa kuwa dawa ikizidi inaanza kuyashikilia matone badala ya kuyaunganisha.

Hatua ya 6: Maji yaende wapi

Kwa baharini, nchi za kaskazini mashariki mwa Atlantiki zimeweka kikomo cha wastani wa miligramu 30 za mafuta kwa lita. Marekani kwa visima vya baharini ni wastani wa 29 kwa mwezi, na 42 kwa siku yoyote. Hapa kwetu utashughulika na NEMC kwa upande wa mazingira na PURA kwa upande wa uchimbaji.

Kule Nimr, Oman, maji hupitishwa kwenye mashamba makubwa ya matete, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi hula mafuta yaliyobaki. Ni kazi nzuri, ila inahitaji jangwa tupu na pana.

Wengi huyarudisha ardhini. Kabla hujachanganya maji mawili tofauti, yachanganye kwanza kwenye chupa. Bariamu ya mwambani ikikutana na salfeti ya bahari hufanya ukoko mgumu usioyeyuka kwa asidi, na ukoko huo hubeba radiumu, kwa hiyo bomba lake lipimwe mionzi kabla ya kukatwa. Ukoko wa kalsiamu kaboneti ukidondoshewa asidi hutoa povu. Jaribio hilo lifanyie chini ya kivuta hewa, kwa sababu ukoko wenye salfaidi ya chuma hutoa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo inanuka yai bovu mwanzoni, na ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi. Usiitegemee pua, vaa kipimo.

Kisima cha kurudishia kifuatilie kwa grafu ya Hall ya 1963: jumla ya mgandamizo mara siku, dhidi ya jumla ya maji yaliyoingia. Mstari ukisimama zaidi, mwamba unaziba. Ukilala, umepasua mwamba, na maji yako huenda yanakwenda usikokutaka.

Hatua ya 7: Daftari la zamu

Kila siku andika kisima, saa, mafuta, maji, halijoto, miligramu za mafuta kwenye maji yanayotoka, kiasi cha dawa, na kama kuna aliyegusa choki. Safu hiyo ya choki watu huiacha tupu. Ukinitumia faili, ndiyo ninayoanza kuisoma.