Kabla hujalipa proforma: piga hesabu ya programu ya duka kwa miaka mitatu

Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Duka kubwa liko Majengo, tawi liko Ihumwa. Programu yetu ya kwanza tuliinunua kwa kuangalia bei ya kwenye proforma, ile karatasi ya bei anayokupa muuzaji kabla hujalipa, tukaumia. Ya pili nilikaa chini na kikokotoo kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu kompyuta.
Wauzaji wengi wanatoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Andika majina: keshia wawili, stoo wawili, mhasibu, na bosi anayetaka kuchungulia mauzo kwenye simu akiwa shambani kwake Hombolo. Bosi ndiye husahaulika, na analipiwa kama wengine. Tuseme kila mmoja ni shilingi 45,000. Watu 6 ni 270,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni 9,720,000. Muuzaji anapenda kutaja bei ya mwezi kwa sababu haishtui.

Hatua ya 2: Fungua orodha yako ya bidhaa.
Hapa ndipo tulipopigwa. Nondo ya mm 12 ilikuwa imeandikwa "nondo 12", "Nondo mm12", "Y12", "nondo kumi na mbili" na "nondo nene". Programu ikazichukua kama bidhaa tano, kila moja na salio lake. Moja ikasoma hasi 40 huku uani nondo zimelala hadi getini. Mama wa stoo akaniangalia: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako ina nondo tano, mimi nina moja."

"Kuhamisha data" kwenye proforma maana yake ni kunakili ulichonacho, na uchafu wake. Kusafisha ni kazi yako. Kujua itagharimu kiasi gani, chukua bidhaa 50, zisafishe, angalia saa. Sisi zilichukua saa moja na nusu. Tulikuwa na bidhaa 1,800, kwa hiyo saa 54: watu wawili, kila mmoja kwa muda wa saa tatu baada ya kufunga duka, jioni tisa. Weka ovataimu na chakula chao.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu EFD, ile mashine ya risiti za kodi.
Je, mauzo yakiingia kwenye programu, risiti ya EFD inatoka yenyewe? Kama hapana, keshia ataandika mara mbili, na fundi mwenye bodaboda inayomsubiri nje atahamia duka la jirani. Kiunganishi cha programu na EFD mara nyingi huuzwa peke yake. Kiandikiwe bei kwenye proforma hiyohiyo. Hapohapo uliza kama bei ina VAT. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo hairudi mfukoni kwako.

Hatua ya 4: Mafunzo, na yule atakayeacha kazi.
Mkufunzi akitoka Dar, unalipa nauli, hoteli na posho. Treni ya SGR tuliyoipata mwaka 2024 imefupisha safari, lakini posho iko palepale. Panga mafunzo mara mbili, maana keshia aliyefundishwa Januari huenda Agosti hayupo.

Hatua ya 5: Miezi miwili ya daftari na programu pamoja.
Usitupe daftari siku ya kwanza. Kazi inakuwa mara mbili, kwa hiyo ovataimu tena. Ongeza UPS, betri ya kuwasha kompyuta umeme ukikatika, na bando la akiba kwa tawi.

Hatua ya 6: Jaribu mlango wa kutokea kabla hujaingia.
Tulipoiacha ile programu ya kwanza, tulipewa madeni ya wateja kwa PDF. Tukachapa upya, jina kwa jina, na wateja wawili wakabishia salio tukakosa la kuwaonyesha. Siku hizi muuzaji akiniita anionyeshe programu, naenda na flashi mfukoni, namwambia: "Kaka, nitolee bidhaa zote na madeni yote kwenye Excel, sasa hivi." Akileta PDF tu, chukua gharama ya hatua ya 2, iandike tena kwenye mwaka wa tatu, ndipo ujumlishe.