Presha ya macho: kuijua mapema na kuweka matone vizuri

Jamani wenye wazazi na babu zetu huku Moshi, presha ya macho, hospitali wanaiita glakoma, siyo ile ya kufungwa mpira mkononi, mtu presha ya damu iko poa kabisa na jicho linaharibika taratibu. Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa na kutoka muda wote, yakikwama presha inapanda inauminya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Na kwa kawaida haiumi! Inaanza kula pembeni, katikati anaona vizuri tu, ndo maana mzee anajigonga mlangoni au haoni bodaboda iliyotokea ubavuni pale Mbuyuni na nyumbani wanasema ni uzee. Uwezo wa kuona ukishapotea haurudi, tofauti na mtoto wa jicho ambao ukifanyiwa operesheni unaona tena.

Ukifika 40 nenda kapime, na kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja anayo nenda hata kabla. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho. Kusoma herufi ukutani peke yake haitoshi, omba wapime presha ya jicho na wauangalie mshipa wenyewe, maana presha ya jicho kawaida ni 10 mpaka 21 (mmHg) ila wapo wanaoharibika hata chini ya hapo. Na matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) ya kujinunulia duka la dawa acheni, yanaweza kupandisha presha.

Ukipewa matone: nawa mikono, angalia juu, vuta kope ya chini, dondosha tone moja tu na mdomo wa chupa usiguse jicho, kisha fumba taratibu ubonyeze kwa kidole kona ya jicho upande wa pua kama dakika 2, hapo ndo dawa inapitia kushuka puani na kuingia mwilini. Mwenye pumu amwambie daktari kabla, timolol, moja ya matone ya presha ya macho, inaweza kumbana kifua. Kama kuna dawa ya pili subiri dakika 5.

Sasa hapa ndo tunapoteza macho ya wazee wetu: matone hayaongezi kuona, yanalinda kilichobaki, mzee akiona hakuna mabadiliko anaacha chupa ikiisha. Mtegeshee alamu, nunua nyingine kabla haijaisha, mkumbushe tarehe ya kliniki.

Ila ipo na presha ya macho ya ghafla: jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, kichwa kinagonga, anatapika na kuona duara za rangi kwenye taa, mpelekeni hospitali usiku huohuo.