SOMO: Ukiambiwa mmea fulani una vitamini D, ukague hivi

Wadau habari zenu. Majani yanayouzwa eti yana "vitamini D ya asili" mengi ni maneno matupu, ila mimea michache inayo kweli tena ile kali kabisa, na hiyo ndo ya kuogopa.

Hatua ya 1: uliza ni D ipi. Ya juani au ya samaki bado haijawa tayari, inapita kwenye ini halafu figo, na figo ndo mlinzi wa geti, kalsiamu ikitosha anapunguza. Ikitoka hapo inaitwa kalsitrioli, ndo ile kali, kazi yake kuongeza kalsiamu damuni.

Hatua ya 2: dai jina la mmea. Unaojulikana zaidi ni *Solanum glaucophyllum* wa Argentina, ukoo mmoja na mnavu na nyanya chungu, unaota mabondeni yanayotuama maji huko jimbo la Buenos Aires. Mwaka 1976 watafiti walionyesha majani yake yana kalsitrioli iliyoshikana na sukari, ikifika tumboni sukari inakatwa na kitu kinaingia damuni moja kwa moja, yule mlinzi hana habari. Upo pia *Cestrum diurnum*, ua la bustani lililoumiza farasi kule Florida, na nyasi *Trisetum flavescens* za milima ya Alps.

Hatua ya 3: tazama mifugo. Huko Argentina ng'ombe anayalamba majani yaliyodondoka kwenye nyasi, basi anakonda na huku anakula, mgongo unapinda, miguu inakakamaa, wengine wanapiga magoti ya mbele ndo waweze kula. Ni kalsiamu iliyozidi: akichinjwa, mshipa mkubwa wa moyo ni mgumu, ndani una magamba meupe ya chokaa ukikata kisu kinakwaruza. Ugonjwa huo wenyewe wanauita enteque seco.

Hatua ya 4: kipimo. Kidonge kidogo cha kalsitrioli kina mikrogramu 0.25, yaani gramu moja igawe mara milioni nne. Sasa mtu anakwambia chemsha kiganja kimoja!

MASWALI

Mnavu wetu je, tuache?
Kula dada, haumo kwenye kundi hili.

Nimesikia nyanya inayo.
Majani yake, siyo tunda, yakipigwa na mwanga wa UVB (ule wa juani unaotengeneza vitamini D) yamekutwa na D3, yaani ile D ya juani. Ila majani ya nyanya nani anapika?

Mzee wangu figo zimechoka, si ndo ingemfaa maana haihitaji figo?
Umewaza vizuri kaka, ndo maana hospitali wanawapa wagonjwa hao kalsitrioli, lakini wanampima kalsiamu kwenye damu mara kwa mara na kurekebisha dozi. Majani hayarekebishiki, usimpe.

Ng'ombe wangu akizaa anapata homa ya maziwa (kalsiamu inashuka), mmea huo hausaidii?
Ulaya vipo vidonge vya ng'ombe vilivyotengenezwa kwa majani hayohayo, kiasi kimepimwa, anapewa karibu na kuzaa. Hapa muite daktari wa mifugo amwekee kalsiamu ya mshipa, taratibu, maana ikienda kasi moyo unasimama.